Siku moja Mombasa: Ngomeni ama Haller Park?

Kila likizo ikifika simu yangu haipoi. Binamu ameshuka treni ya SGR pale Miritini, rafiki wa Tanga amevuka Horohoro na basi, shangazi wa Muscat alikuja harusini sasa amebakiwa na siku moja kabla ya ndege, na wote swali ni hilo hilo: tuna siku moja na watoto hawa, twende Fort Jesus, yaani Ngomeni, tukaone historia ama twende Haller Park tukaone wanyama?

Zamani nilikuwa najibu haraka haraka kama mtu aliyeulizwa chai ama kahawa. Mpaka nikampeleka mamangu Haller Park mwezi wa pili saa saba mchana, akatembea robo ya njia, akakaa kwenye benchi, akaniambia "mwanangu, kiboko nishamuona, mimi nataka maji." Na mwaka huo huo nikawapeleka watoto wa dadangu Ngomeni, wakazunguka dakika ishirini, yule mdogo akanivuta shati: "Mjomba, sasa maaskari wako wapi?" Hapo ndo nikajua mahali palikuwa sawa kote kuwili, ila mimi niliwapeleka watu wasiofaa, saa isiyofaa.

Kwa hivyo sikwambii ipi nzuri. Ntazipima zote mbili kwa vitu vile vile: uko upande gani wa mji na utafikaje, pesa, saa ya kwenda na muda utakaotumia, jua na mvua, miguu (wazee, vitoroli vya watoto), watoto wenyewe, halafu unatoka na nini kichwani. Ukishajua kwako kipi kizito kati ya hivyo, jibu utalipata mwenyewe.

Kwanza tujue tunaongelea nini

Ngomeni, ndivyo watu wa Mji wa Kale wanavyoita, ingawa ukimwambia wa tuktuk Fort Jesus atakufikisha vile vile. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, ramani akachora Muitaliano mmoja, Giovanni Battista Cairati, na ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala chali. Kuta zake ni jiwe la matumbawe. Imenyang'anywa na kurudishwa mara chungu nzima: Wareno, wenyeji, Waomani, ukoo wa Mazrui, halafu Waingereza wakaigeuza jela kutoka 1895 mpaka 1958. Makumbusho ikawa 1960, na UNESCO wakaitia kwenye orodha ya urithi wa dunia 2011.

Haller Park iko Bamburi, na watu wa makamo bado wanaita Nature Trail. Kabla ya wanyama pale palikuwa ni timbo. Kiwanda cha simiti kilianza kuzalisha 1954, kikawa kinachimba jiwe la matumbawe mpaka pakabaki shimo kubwa jeupe, chumvi na jua, hata nyasi haioti. 1971 Mswisi mmoja anaitwa René Haller akapewa kazi ya kujaribu kupafufua. Alijaribu miti aina 26, zikashika tatu tu, na kubwa yao ni mvinje. Tatizo la mvinje ni kwamba majani yake yale kama sindano yakianguka hayaozi, na yasipooza udongo hakuna. Suluhisho likawa jongoo. Jongoo hawa hawa wetu wekundu miguu. Aliwaleta wakaanza kula yale majani na kinyesi chao kikawa ndo mbolea. Sisi tunasema mtupa jongoo hutupa na mti wake, huyu bwana alifanya kinyume, alipanda mti kwanza akamtafutia jongoo wake. Baadaye samaki, baadaye wanyama, na 1984 watu wakaanza kuingia kutembea.

Ukifikiria ni jiwe moja tu. Wareno walilikata wakainua kuta, kiwanda kikalichimba kikaacha shimo, na sisi tunakata tiketi kuona vyote viwili. Haya, tuendelee.

Upande gani wa mji

Ngomeni iko kisiwani, mwisho wa mji kabisa, baharini. Ukitoka Miritini, ukitoka uwanja wa ndege, ukivuka feri Likoni, unafika bila kugusa daraja la Nyali. Kutoka katikati ya mji hata kwa miguu unafika, kama huna mizigo.

Haller Park iko bara ya kaskazini, kwenye barabara ya Malindi. Matatu zote za Mtwapa zinapita pale nje, mwambie makanga akushushe Haller Park. Kama hoteli yako iko Nyali, Bamburi ama Shanzu, pale ni jirani yako, tuktuk tu. Kama umetoka Kilifi ama Malindi asubuhi, utaipita kabla hujaingia mjini. Lakini kama unalala kisiwani hesabu jamu ya daraja, asubuhi na jioni.

Pesa

Zote zina bei za tabaka tabaka: Mkenya bei yake, mkaazi bei yake, mgeni wa nje bei yake, na watoto chini ya hapo. Kwa Mkenya, Ngomeni huwa rahisi kidogo kuliko Haller Park, na mkiwa familia ya watu saba tofauti inaonekana. Beba kitambulisho, nimeona watu wakibishana getini Kiswahili kimenyooka lakini kadi wameacha nyumbani.

Ngomeni kuna gharama ya mtembezaji ukitaka mmoja, na hapo nakuomba kitu kimoja, patana bei kabla hujavuka mlango. Mimi nishawahi kutembezwa na mmoja maneno matamu sana, mwisho wa safari akanitajia pesa ambayo ningenunua kuku watatu na pilau yake. Haller Park nako utalipa vijipesa vya chakula cha twiga, ni kidogo, lakini kila mtoto atataka chake, na akimaliza atataka kingine.

Saa ya kwenda

Hapa ndo wengi wanapokosea na hapa ndo ntakaa kidogo.

Ngomeni nenda asubuhi mapema ama alasiri jua likianza kulala. Ile ngome ina uwanja mkubwa wazi katikati, jiwe chini, jiwe pembeni, ikifika saa sita unahisi uko ndani ya tanuri la mkate. Muda wa kutosha ni saa moja na nusu mpaka mbili. Kuna watu wanamaliza kwa nusu saa, wanapiga picha na mzinga, wanatoka, na kuna watu kama mimi ambao bado tunasoma vibao mpaka mlinzi anakohoa.

Haller Park ina mvinje juu kwa hivyo kivuli kipo, lakini saa muhimu ni saa za kulisha. Twiga hulishwa mara mbili, mara ya kwanza kabla ya adhuhuri, kama saa tano hivi, na tena alasiri kama saa tisa. Viboko na mamba zamu yao ni jioni. Uliza getini siku hiyo manake ratiba ni yao sio yangu. Ukienda saa saba mchana kama nilivyofanya mimi na mamangu, kiboko utamuona pua na masikio, mamba utadhani ni gogo, na kobe wamejificha wanapumua. Watu wanaotoka pale wakisema "hamna kitu" karibu wote walienda saa hiyo. Kwa ile ya alasiri ingia mapema, tembea, lisha twiga, malizia na viboko, ni kama masaa matatu bila haraka.

Jua na mvua

Mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu joto la Mombasa si la mchezo, na hapo kivuli cha Haller Park kinashinda uwanja wa Ngomeni. Masika yakiingia, hasa mwezi wa tano, mambo yanageuka: Ngomeni una vyumba vya kujificha, jumba la maonyesho, nyumba ya Kiomani, unasubiri manyunyu yapite ukiangalia vyungu na sahani za kichina. Haller Park ukinyeshewa umenyeshewa. Na mbu nao, pale kuna mabwawa na miti, watoto wapake dawa jioni.

Miguu

Haller Park ni njia ndefu lakini tambarare kwa sehemu kubwa, kitoroli cha mtoto kinapita, benchi zipo. Shida ni urefu, mzee atachoka kabla hajafika kwa twiga. Ngomeni si mbali, lakini ni ngazi, vizingiti, miteremko na mawe yaliyopishana, na kule juu kwenye buruji ukingo ni chini, mtoto wa miaka mitatu usimwachie mkono hata sekunde. Mzee mwenye magoti mabovu ataona uwanja na jumba la chini, kule juu atawasikia mkisimulia.

Watoto

Mtoto chini ya miaka minane, bila kuzungushana, Haller Park. Kuna jukwaa la kusimamia, mtoto anafungua kiganja, twiga anashusha kichwa kikubwa kuliko mtoto mwenyewe, halafu ule ulimi unatoka, mrefu, mweusi weusi, una mate ya kunata na unakwaruza kidogo kama msasa, unazoa vile vidonge vyote kwa mara moja. Mtoto wa dadangu alipiga yowe akaficha mkono nyuma. Dakika mbili baadaye yuko foleni tena. Mpaka leo ukimuuliza Mombasa kuna nini, anakwambia kuna ulimi.

Halafu kuna hadithi ya Owen na Mzee, ambayo watoto wengi wa shule wanaijua. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ilipopiga, kiboko mdogo kule karibu na Malindi akapotezana na wenzake, akaokolewa akaletwa hapa, na badala ya kutafuta viboko akamkimbilia kobe mkubwa wa Aldabra, umri unakadiriwa miaka 130, jina lake Mzee. Mwanzo yule kobe alimkimbia kwa kasi ya kobe, mwisho akamkubali, wakawa wanakula pamoja na kulala pamoja. Mtoto akishasikia hiyo, kila kobe atakayemuona pale atauliza ndo Mzee?

Sasa usidhani Ngomeni haina kitu kwa watoto. Mizinga ipo, wanaipanda ukigeuka tu. Mifupa ya nyangumi ipo. Kuna njia imechimbwa kwenye mwamba inashuka kuelekea baharini, hiyo mtoto wa miaka kumi anaipenda manake inafanana na michezo ya kwenye simu. Ila mtoto wa Ngomeni anahitaji msimuliaji. Bila hadithi ile ni nyumba kubwa iliyobomoka. Wale wa dadangu ilikuwa makosa yangu, niliwaachia wasome vibao, mtoto wa darasa la pili asome kibao!

Unatoka na nini kichwani

Ngomeni ukiijua hadithi yake haikutoki. Chukua Yusuf bin Hasan. Wareno walimlea tangu mtoto kule Goa, wakambatiza wakamwita Jerónimo, wakamrudisha Mombasa awe mfalme wao wa mkononi. 1631 akawageuka, akamuua kapteni wao, akaichukua ngome hiyo hiyo waliyojivunia, na mwaka uliofuata akaondoka kwa merikebu. Unasimama pale uwanjani unajiuliza alisimama wapi.

Ama ule mzingiro wa Waomani, 1696 mpaka 1698, karibu miaka mitatu. Sisi shuleni tulifundishwa Wareno na Waarabu, kwisha. Lakini kuna kipindi, 1697, Wareno waliokuwa ndani walikufa kwa maradhi, na waliobaki kuishika ngome ni Bwana Daud wa Faza na jamaa zake, wanaume wachache wa Kiafrika na wanawake wa Kiafrika kama hamsini. Wanawake hamsini juu ya zile kuta! Nilipoijua hiyo nilirudi tena Ngomeni peke yangu nikapanda juu nikaangalia tu bahari. Msaada ulikuja, haukutosha, na Waomani walipoingia Desemba 1698 waliowakuta hai upande wa Wareno hawafiki hata ishirini.

Na usiruke ule ukuta wenye michoro. Askari na mabaharia wa Kireno wamechora kwa makaa na udongo mwekundu, meli nyingi, watu, vitu vya kanisani, mistari mingine imepinda kama mtoto wa chekechea. Ukikaribia unaona mtu aliyekuwa na muda mwingi na hamu ya kwenda kwao. Kwangu mimi chumba kile peke yake ni bei ya tiketi. Vitu vilivyotolewa chini ya bahari kutoka meli ya Santo António de Tanná, iliyozama 1697 pale pale mbele ya ngome, navyo vipo.

Haller Park unatoka na kitu kingine. Ukijua kwamba hiyo miti unayotembea chini yake haikuwepo 1970, kwamba hapa palikuwa mwamba mtupu, unaanza kuangalia chini badala ya kuangalia twiga, unatafuta jongoo. Rafiki yangu mwalimu wa sayansi akipeleka wanafunzi huanza na udongo kabla ya kiboko, anawashikisha, anawaambia huu una umri mdogo kuliko baba zenu. Wengine hawapendi kuona mamba kwenye uzio na nyoka kwenye kioo, na hiyo hoja naielewa, kama roho yako haitulii ukiona mnyama amefungiwa basi nusu ya ziara itakukera. Twiga, pofu, choroa wana nafasi ya kutembea, nyoka hawana. Amua mwenyewe.

Ngomeni inamfaa nani

Mtu mzima anayependa kuuliza kwa nini. Mwanafunzi wa sekondari. Mgeni kutoka Oman, Zanzibar ama Lamu, manake ataona majina ya kwao ukutani, shangazi yangu wa Muscat alisimama mbele ya maandishi kwenye ukumbi wa Mazrui akayasoma kwa sauti mpaka wazungu wakanyamaza. Wapenzi wanaotaka picha nzuri bila kusukumana na watoto. Mwenye masaa mawili tu kabla ya treni. Na anayependa kula, kwa sababu ukitoka tu uko Mji wa Kale, viazi karai, bajia, mabuyu, madafu, kahawa tungu, vyote karibu.

Haller Park inamfaa nani

Familia yenye wadogo. Mtu wa mjini ambaye hajawahi kumkaribia twiga na hana bajeti ya kwenda Tsavo, ingawa asitegemee simba, hapa si mbuga. Waliochoka na kelele za mji. Walimu wa sayansi na watu wa mazingira. Waliofikia hoteli za pwani ya kaskazini. Ukitaka baiskeli ama mbio asubuhi, karibu na hapo kuna njia za msituni za kampuni hiyo hiyo ya simiti, lakini hiyo tiketi yake mbali.

Sasa wewe uko wapi

Una siku moja, watoto wa miaka minne na sita, mmefikia Bamburi: Haller Park, ingieni saa nane hivi, msivuke daraja.

Watoto ni wa miaka kumi na kuendelea na kuna mtu mzima anayejua kusimulia, ama mko tayari kulipa mtembezaji mzuri: Ngomeni asubuhi. Nyumbani usiku ule wa kabla wasimulie ya Yusuf bin Hasan, kesho wataingia wakimtafuta.

Mmechanganyika, wadogo, wakubwa, na wewe mwenyewe unataka zote: inawezekana. Saa mbili na nusu asubuhi muwe Ngomeni, saa nne na nusu mmetoka, kuleni Mji wa Kale, pumzikeni, saa saba na nusu vukeni daraja, saa tisa mko kwa twiga. Ni siku ndefu, wadogo watalala kwenye matatu, na pesa zitatoka mara mbili. Ukianza na Haller Park halafu urudi Ngomeni jioni haifanyi kazi vizuri, utakimbizana na saa ya kufunga.

Mvua inanyesha tangu alfajiri: Ngomeni. Jua la mwezi wa pili na huwezi kutoka mapema: Haller Park, na chupa ya maji kila mtu na yake. Umefunga Ramadhani: Ngomeni baada ya alasiri, ukitoka futari iko mlangoni, ile njia ndefu ya Bamburi na kiu ya saa kumi sikushauri.

Na kama una mzee kama mamangu, siku hizi mimi nafanya hivi. Nampeleka Ngomeni jioni, anaangalia uwanja na lile jumba la chini, zikianza ngazi anakataa, anatoka zake nje anakaa kivulini na kikombe cha kahawa tungu na kashata. Sisi tukimaliza kule juu na kushuka, tunamkuta ashajua yule mama anayeuza mabuyu ni mtoto wa nani, ameolewa wapi, na harusi ya binti yake ni lini.